Mizani ya Nyumba ya Watoto

Atukuzwe Mungu, anayewapa wazee asubuhi nyingine bila kuwauliza waliitumiaje ya jana. Namshukuru kwa macho ambayo bado yanasoma, japo kwa miwani, na kwa miguu ambayo bado inapanda kilima cha kanisa bila kushikwa mkono. Alinilea nikiwa sina mama, na mikono aliyoitumia kunilea ilikuwa mikono ya watu. Naanza kwa kumsifu kwa sababu haya yanayofuata nimeyaandika nikiwa na uchungu, na sitaki uchungu utangulie.

Usharika wetu hapa Lushoto umetoa kitabu cha jubilei. Katibu wa kamati, kijana mpole niliyemfundisha Shule ya Jumapili, aliniletea nakala yangu nyumbani. Kilikuwa bado kinanuka wino. Nilikaa nacho kibarazani nikakisoma kama mtu anayekula chakula kizuri, polepole. Nilisoma jinsi mawe ya kanisa yalivyochongwa, na jinsi kengele ilivyobebwa mabegani kutoka Mombo kwa siku kadhaa, vijana wakipokezana kwenye kona. Nikasoma jinsi akina mama wa usharika walivyoanzisha nyumba ya watoto, baada ya kuona vichanga vya wanawake waliokufa katika uzazi vikifa navyo kwa kukosa maziwa. Kila familia ilitoa ilichonacho: hawa ndizi, wale kuni, wengine nguo kuukuu za kukatia nepi. Machozi yalinilenga, kwa maana mdogo wangu ni mmoja wa waliookolewa na nyumba ile.

Halafu nikafika kwenye aya moja. Ilisema kwamba katika siku za mwanzo nyumba ilipata majaribu, likiwemo la mtumishi mmoja wa jikoni, asiye mshirika wetu, aliyegundulika akiwaibia watoto maziwa. Alipoondolewa, watoto wakaanza kunenepa. Basi. Aya ikaisha, ikafuata ya bomba la maji.

Nilifunga kitabu. Chai yangu ilipoa mezani, na mjukuu wangu akaniuliza kama naumwa.

Mama yangu alifariki akimzaa Samweli. Kwetu ni kijiji kimoja cha njia ya Mtae, mbali kiasi kwamba ukungu wa asubuhi hutukuta sisi kwanza ndipo ushuke kwa wengine. Bibi yangu hakuwa na nguvu ya kulea kichanga, na ng'ombe wa jirani alikuwa amekauka. Baba alimfunga mtoto kwenye blanketi, akamweka ndani ya kikapu cha kubebea ndizi, akaondoka naye kwa miguu. Alirudi siku ya tatu na kikapu kitupu. Alikitundika ukutani, akaingia kulala bila kula.

Utaratibu wa nyumba ile ulikuwa huu. Mtoto alilelewa hadi akaanza kusimama na kushika vitu. Ukikaribia wakati wa kurudishwa kwao, familia ilitakiwa kumleta msichana wa nyumbani aje akae pale miezi michache. Angejifunza kuchemsha maziwa, kupika uji mwepesi, kufua nepi na kumzoea mtoto, ili mtoto naye amzoee. Ni utaratibu wa busara sana. Nimezeeka nikiusifu. Lakini mimi niliyeletwa, mtoto wa darasa la tatu, sikuelezwa kitu. Enzi zile watoto hatukuelezwa, tulitumwa. Baba alinifikisha getini akasema, "Kaa hapa, mwangalie mdogo wako, mtii Sista," akageuka.

Nakumbuka harufu kuliko nyuso. Sabuni ya kufulia iliyochanganyika na mvuke, moshi wa kuni za mkaratusi, na maziwa yaliyofurika juu ya jiko yakaungua. Nakumbuka pia aibu ya siku ya kwanza. Nilimnyanyua Samweli, yeye akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi wa jirani, kisha akalia akinyoosha mikono kwa mwanamke aliyekuwa jikoni.

Mwanamke huyo ndiye Mama Zaina. Alikuwa Mwislamu, mjane, kwao ng'ambo ya bonde, na ndiye aliyepima maziwa na kupika uji wa watoto wote. Alikuwa na sauti nene na utani usioisha.

"Wewe mtoto wa njia ya Mtae," aliniambia siku ile, "kwenu mnakula nini? Ukungu?"

"Tunakula ugali, mama."

"Ugali! Mbona mikono hiyo kama vijiti vya maharage? Haya, njoo. Huyu ndugu yako hakujui. Usimkimbilie. Kaa chini, kula mbele yake kama humtaki. Atakuja mwenyewe."

Nilifanya hivyo. Siku ya nne Samweli alitambaa akaja kunishika kidole. Mama Zaina alipiga kigelegele kimoja kifupi, akajifunika mdomo kwa kanga, maana Sista hakupenda kelele wakati watoto wamelala.

Sista alikuwa mzungu, mtumishi wa kanisa, mwembamba, mwenye Kiswahili cha vitabuni kilichonyooka kuliko chetu. Sina neno baya juu yake. Usiku aliamka kila mtoto alipokohoa. Ila kila Jumatano alileta mizani, na mizani ile ndiyo iliyonivuruga akili.

Ilikuwa mizani ya kuning'iniza, yenye ndoano chini na uso wa duara wenye mshale. Mtoto aliwekwa kwenye kitambaa kilichofungwa pembe zote, kikatundikwa kwenye ndoano. Sista alisoma, akaandika, akasema, "Bado," au akasema, "Huyu amepita."

Mizani ile niliifahamu. Msimu wa matunda damu, wachuuzi walikuja hadi njia panda ya kijijini kwetu na mizani ya namna hiyohiyo. Baba na wenzake walibeba magunia na matenga hadi pale. Mchuuzi alitundika tenga kwenye ndoano, akasoma mshale, akasema, "Bado, ongeza," au, "Limepita." Tenga lililopita lilipandishwa kwenye lori likashuka Mombo, na baada ya hapo hakuna aliyeliona tena. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuona kitu kilichotundikwa kwenye ndoano ile kikarudi nyumbani.

Jumatano yangu ya kwanza alipita mtoto wa kike mnene, aliyeitwa Luisa. Kesho yake alikogeshwa, akavishwa sweta jipya, na mchana nikaona kwa dirisha la chumba cha kufulia akipandishwa kwenye gari pamoja na watu wawili nisiowajua. Gari likashuka barabara ya Mombo. Leo najua kwamba wale walikuwa shangazi yake na mjomba wake, na kwamba walipewa lifti. Siku ile niliona tenga limepita.

Sikumuuliza mtu. Ningemuuliza nani? Mtoto wa kwetu akimuuliza mtu mzima swali la namna hiyo, alihesabiwa hana adabu. Nilirudi nikamtazama Samweli, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akitafuna ncha ya kanga, mashavu yakianza kujaa. Nikaona kwamba mdogo wangu ananenepeshwa ili auzwe, na kwamba baba hajui.

Basi nikaanza kula uji wake.

Kila mtoto alikuwa na kikombe chake cha bati chenye uzi wa rangi kwenye mkono wa kikombe. Cha Samweli kilikuwa na uzi mwekundu. Mama Zaina alikijaza hadi juu, akanikabidhi, akasema, "Chote kiingie tumboni kwake, umesikia? Usimwonee huruma akikataa." Nilikichukua hadi nyuma ya kamba za nguo, pale nepi zilipokuwa zikining'inia kama ukuta. Nilimpa vijiko vitatu, vinne. Uliobaki niliunywa mimi. Akilia, nilimpa maji yaliyochemshwa. Jioni ilikuwa vivyo hivyo kwa maziwa.

Na sitaficha, maana namwandikia Mungu kwanza. Uji ule ulikuwa na sukari, na ulikuwa mtamu. Nilikuwa nikimwokoa mdogo wangu, na nilikuwa nikilamba kijiko. Yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja.

Jumatano zikapita. "Bado." "Bado." Moyoni niliimba. Jumatano moja Sista aliitazama ile mizani muda mrefu, akaipiga kidogo kwa kidole, akamtundika tena Samweli. Alikuwa amepungua. Akaanza kukohoa pia, na usiku alilia kwa sauti ndogo kama ya paka. Nilimbeba mgongoni nikizunguka naye ukumbini, nikimnong'oneza kwa Kishambaa kwamba avumilie, baba atakuja.

Baba alikuja. Alikuwa ametembea toka kijijini na tenga la mapichesi kichwani kwa ajili ya nyumba ile. Sista alimwambia mtoto hajafikia uzito, arudi baada ya wiki mbili. Alirudi baada ya wiki mbili, akaambiwa vivyo hivyo. Mara ya tatu alikaa kwenye ngazi, akavua viatu, akatazama nyayo zake. "Bibi yako anauliza kila siku," aliniambia. "Ameshamfumia mkeka." Kisha akavaa viatu akaondoka. Ungedhani hapo ningeelewa. Lakini nilisikia tu kwamba baba anamtaka Samweli nyumbani na Sista anakataa, nikasema moyoni, unaona? Hawataki kumtoa. Wanangoja anenepe wamuuze. Nikazidisha kula.

Sista hakuwa mjinga. Alijua kiasi cha maziwa kilichoingia jikoni, na alijua uzito wa mtoto. Mahali fulani kati ya jiko na mizani, chakula kilikuwa kinapotea. Mimi nilikuwa mtoto mdogo niliyempenda ndugu yangu, kila mtu aliliona hilo. Nani angenifikiria? Jioni moja Mama Zaina alipokuwa akitoka, Sista alimwomba afungue kikapu chake. Ndani mlikuwa na ukoko wa uji, ule unaokwanguliwa chini ya sufuria, umefungwa kwenye jani la mgomba.

"Huu ni wa nani?" Sista aliuliza.

"Wa mwanangu, Sista. Ni ukoko. Watoto hawauli, unatupwa kwa kuku."

"Hukuomba."

"Sikuomba. Nisamehe. Lakini ni ukoko."

"Na maziwa?"

Mama Zaina alimtazama kama hakusikia vizuri. "Maziwa gani?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na Samweli mgongoni. Nilisikia kila neno. Nilijua maziwa gani. Mama Zaina alianza kuapa, akaacha katikati, akaweka kikapu chini na ukoko wake ndani, akafunga kanga vizuri, akatoka. Hakupiga kelele. Yeye aliyekuwa na sauti nene kuliko wote, siku ile hakupiga kelele.

Kuanzia kesho yake Sista aliwalisha watoto mwenyewe, mezani, mbele ya macho yake. Samweli akala kikombe kizima. Akanenepa upesi, kama mgomba uliopata mvua. Watu wa usharika waliokuja kuleta kuni walitikisa vichwa: mnaona? Ameondoka mwizi, mtoto amenawiri. Ushahidi ulikuwa unatambaa sakafuni, kila mtu aliuona.

Jumatano ikafika Sista akasema, "Huyu amepita." Sikulala. Asubuhi walimkogesha, wakamvisha sweta. Niliuma kitambaa cha mlango nikisubiri gari. Aliyeingia getini alikuwa baba, na kikapu cha ndizi mkononi, kilekile.

Ndipo nilipoelewa yote kwa mara moja. Sista alikuwa ofisini akiandika karatasi za kutukabidhi mtoto. Nilimvuta baba shati, nikamwambia yote kwa Kishambaa, kwa kunong'ona: kikombe, nyuma ya nepi, vijiko vitatu. Nikamwambia Mama Zaina hakuiba.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Alitufundisha kwamba uongo ni deni kwa Mungu. Nilimwona uso wake ukibadilika, akatazama mlango wa ofisi, akamtazama Samweli. Kisha akainama hadi sikioni pangu.

"Nyamaza. Tukisema leo, watasema nyumba yetu haiwezi kulea, hatupewi. Tutasema akishakua."

Sista akatoka, akatuombea, akatupa kopo la maziwa ya unga. Baba akasema, "Asante sana, Sista. Mungu akubariki." Tukaondoka.

Samweli alikua. Akaanza shule, nikamwambia baba, akasema, "Bado." Akapata kipaimara, nikamwambia, akasema yule Sista amesharudi kwao. Nami niliolewa Korogwe, nikazaa, nikafundisha, nikajiambia kwamba mambo yale yamezikwa na watu wameyasahau. Nilirudi Lushoto nikiwa mjane, na bado sikusema. Baba alifariki akiwa mtu mwema, naye hakusema. Hili ndilo linaloniuma kuliko uji. Uji niliunywa nikiwa mtoto. Kunyamaza nimenyamaza nikiwa mtu mzima, na Biblia mkononi.

Kwa hiyo mjue nilivyokuwa siku ile ya kitabu. Nilimwita katibu. Alikuja, akainama, "Shikamoo Bibi." "Marahaba mwanangu. Hii aya ni ya uongo, na mwongo ni mimi." Nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, akakuna shingo.

"Bibi, kitabu kimeshapigwa chapa."

"Basi bandikeni karatasi juu."

"Nakala zote hizo, Bibi? Halafu huyo mama hakutajwa jina. Hakuna aliyechafuliwa."

"Mwanangu, bonde zima lilijua ni nani. Hata mlipomficha jina, mlimficha na utetezi wake."

Akasema atapeleka kwenye kamati. Kamati ikasema tusifukue mambo ya zamani wakati wa furaha. Nikaenda kwa mchungaji. Mchungaji wetu ni mtu wa upole, aliniwekea mkono begani akasema, "Bibi, tuliombee hili." Nikamwambia, "Baba mchungaji, nimeliombea tangu hujazaliwa. Sasa nataka liandikwe."

Nikaona njia moja imebaki. Kwetu, mtu akitaka kutoa shukrani kanisani hakuna anayemkatalia. Unapita mbele na jamaa zako na sadaka yako, unapewa kipaza sauti, unasema Mungu amekutendea nini. Nikamwita Samweli. Sasa ni mzee mwenye fimbo, na nilikuwa sijawahi kumwambia. Nilimwambia usiku wa kuamkia Jumapili ya jubilei. Alicheka hadi akakohoa.

"Kumbe ndiyo maana nimekuwa mfupi!"

"Samweli, si mzaha."

"Najua si mzaha, dada. Niache nicheke kwanza. Kesho nitasimama na wewe."

Tukasimama. Kanisa lilikuwa limejaa hadi nje. Nikasema namshukuru Mungu kwa nyumba ya watoto iliyomlea huyu ndugu yangu. Vigelegele. Nikasema, "Lakini nilimnyima chakula chake. Uji wake niliunywa mimi." Watu wakacheka. Nikapandisha sauti: "Na kwa ajili hiyo mwanamke mmoja aliitwa mwizi—" Mzee wa zamu akaona muda umekwenda na wageni wanasubiri, akasema kwa furaha ya kweli, "Bwana asifiwe! Tumrudishie Mungu utukufu!" na tarumbeta zikapulizwa. Samweli alimfanyia ishara ya mkono, akadhani tunacheza. Tukarudi kukaa huku tukipongezwa. Baada ya ibada watu wengi walinishika mkono wakisema ushuhuda wangu umewachangamsha.

Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo ndani ya nyumba ya Bwana. Mungu anisamehe.

Siku ya pili yake nilikodi bodaboda, nikamwambia kijana aende taratibu, hadi ng'ambo ya bonde. Zaina, yule mwana aliyekuwa akipelekewa ukoko, nilimkuta kwenye kijito, mwanamke wa umri wangu, akiosha karoti pamoja na wajukuu wake. Alinifahamu kwa sura, tunasalimiana sokoni miaka yote. Alinikaribisha kwenye gunia nikae. Nikamweleza, bila kupamba, toka mizani hadi tarumbeta. Aliendelea kuosha karoti huku akinisikiliza. Nilipomaliza, mikono yake ikatulia majini.

"Mama alikufa akisema hakuiba," alisema. "Hakupata kazi nyingine ya jikoni. Alilima vibarua vya watu. Kila mwaka, hasa Ramadhani, alisema tena: Zaina, sikuiba. Mimi nilikuwa nakula ule ukoko, nikikumbuka ulivyokuwa mtamu, nikafikiri, labda na maziwa yalikuwamo." Akaniangalia. "Nilimwamini nusu. Mama yangu mwenyewe. Nusu."

Niliomba msamaha kwa maneno niliyonayo, na yalikuwa machache kuliko nilivyodhani. Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe. Alijifuta mikono kwenye kanga akawaita wajukuu, akawaambia, "Salimieni." Kisha akaniambia, "Wewe ni mwalimu. Andika. Hawa wanasoma. Na usiandike Mama Zaina tu, kama mtu asiye na jina lake."

Jina lake lilikuwa nini? Nilikula kwa mikono yake na sikuwahi kuuliza. Zaina akaniambia, akanitajia mara mbili, akangoja niliandike kwenye karatasi mbele yake.

Aliitwa Halima binti Omari. Alikuwa mpishi wa nyumba ya watoto ya kanisa, na watoto waliofika pale wakiwa hawana mama walimnyooshea yeye mikono. Hakuiba maziwa. Niliyanywa mimi.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulinde wewe na walio wako. Akupe chakula chako bila kumpunguzia mwingine, na kama kuna mtu unayepaswa kumtetea, akupe ujasiri wa kusema mapema, mama yake mtu akingali hai kusikia na mwanawe akingali na muda wa kumwamini kikamilifu, si nusu. Amina.